Njia ya Fuvu la Mkwawa na Majina Yaliyoachwa Daftarini

Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919, una vifungu 440. Humo mna mipaka mipya ya Ulaya, mna fidia ya vita, mna hatima ya makoloni yote ya Ujerumani. Katikati ya mambo hayo mazito kuna kifungu cha 246, ambacho kinataja vitu viwili tu. Cha kwanza ni msahafu wa Khalifa Othman, uliotakiwa urudishwe kwa Mfalme wa Hijaz. Cha pili ni fuvu la kichwa cha Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Ujerumani ilipewa miezi sita tangu mkataba uanze kutumika, iwe imelikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza.

Miezi sita ikapita, ikapita na miaka. Fuvu lilikabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Kwa kawaida ucheleweshaji huu huelezwa kwa siasa: Wajerumani walisema hawajui lilipo, Waingereza wakachoka kuuliza, kisha ikaja vita nyingine. Yote hayo ni kweli. Lakini nimeifuata njia ya fuvu hili kwa muda mrefu, na ninaamini kuna sababu nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Iko kwenye madaftari ya makumbusho, kwenye kadi na lebo, katika maneno ambayo karani aliamua kuyaandika na yale aliyoamua kuyaacha.

Ukielekea Iringa kwa barabara ya Morogoro, ukishaipita Ilula, unafika Lugalo. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, ambaye sote tunamwita Mkwawa, lilikivamia kikosi cha Emil von Zelewski, aliyepewa na wenyeji jina la Nyundo. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake, na Wahehe wakaondoka na bunduki zao. Kipigo hicho kilitikisa Berlin. Jeshi la kikoloni lilikuwa likiitwa kwa Kijerumani Schutztruppe, yaani jeshi la ulinzi, na ndivyo linavyoitwa mpaka leo katika orodha nyingi za nyaraka. Msomaji asiyejua historia atafungua faili na kudhani kwamba kulikuwa na watu waliokuwa wakilindwa pale Lugalo.

Wajerumani walirudi kulipiza kisasi. Mwishoni mwa Oktoba 1894 gavana Friedrich von Schele aliipiga kwa mizinga ngome ya Kalenga mpaka ikaanguka. Mkwawa akatoroka, akaendesha vita vya msituni kwa karibu miaka minne. Kapteni Tom von Prince, Bwana Sakarani kwa askari wake, akajenga boma jipya mahali ambapo leo ni mji wa Iringa, na dau la rupia 5,000 likatangazwa kwa kichwa cha Mkwawa. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amechoka na amezingirwa, Mkwawa alijipiga risasi huko Mlambalasi. Sajini meja aliyeitwa Merkl alifika muda mfupi baadaye. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa bomani Iringa. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi, na kaburi lipo hadi leo, safari fupi ya gari kutoka mjini kwa upande wa barabara iendayo Ruaha.

Mpaka hapo kila kitu kina jina, tarehe na mashahidi. Wajerumani walikuwa hodari wa kuandika. Tunajua nani aliamuru, nani alipiga mizinga, nani alilipwa. Kisha fuvu linavuka bahari, na palepale kumbukumbu zinakatika.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Horace Byatt, aliyekuwa akiiongoza Tanganyika kwa niaba ya Waingereza, ndiye aliyependekeza kwamba fuvu lidaiwe. Wahehe walikuwa wamewasaidia Waingereza vitani, na kurudishwa kwa fuvu kungewaonyesha kwamba Mjerumani ameng’olewa kabisa. Ombi likaingia kwenye mkataba, ambamo marehemu aliandikwa kuwa ni Sultan Mkwawa. Katika maisha yake hakuwa sultani. Wahehe walimwita Mtwa, na cheo hicho kina ukoo wake, miiko yake na namna yake ya kurithishwa. Usultani walimvisha Wazungu waliozoea Zanzibar, wakadhani kila mtawala wa bara ni nakala ya yule wa pwani. Kwa hiyo hata hati iliyokuja kumtetea ilimtambulisha kwa cheo cha kuazima, na ikaagiza akabidhiwe kwa serikali ya Uingereza. Watoto wake hawakutajwa.

Mwaka 1953 gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilifufua suala hilo. Uchunguzi ukamfikisha Bremen, kwenye makumbusho ambayo sasa yanaitwa Übersee-Museum. Alichokikuta huko ndicho kiini cha makala hii. Makumbusho yalikuwa na mafuvu ya binadamu yapatayo 2,000. Kati ya hayo, 84 yalitambulika kuwa yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kama lilikuwapo fuvu la mtawala maarufu kuliko wote waliopigana na Wajerumani upande huu wa bara, halikuwa na jina lake.

Ilibidi watumie rula. Walichukua vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, wakavilinganisha na vya mafuvu, wakatenga yale yaliyokaribiana. Katika hayo machache, moja tu lilikuwa na tundu la risasi. Ndilo lililochaguliwa. Likaletwa Kalenga, likapokewa na Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge la Tanganyika huru. Ukienda Kalenga leo utaliona katika sanduku la kioo, ndani ya jengo dogo la makumbusho.

Wapo wanahistoria wanaouliza kama kweli ni lenyewe. Swali hilo nawaachia Wahehe. Wao ndio waliolipokea kwa heshima na wao ndio wenye haki ya kulitambua. Mimi linanisumbua jambo lingine. Ukitoa moja katika 84 yanabaki 83. Hao walikuwa nani? Walikuwa na mama, walikuwa na watani, walikuwa na mashamba yaliyokuwa yakiwangoja. Hawakuwa na mkataba wa kimataifa wa kuwatafuta, na katika orodha walikuwa mafuvu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, basi.

Kutokuwa na jina huko kulikuwa na utaratibu wake. Mnamo 1889 serikali ya Ujerumani ilipitisha kwamba vitu vilivyokusanywa na misafara iliyogharimiwa na dola katika makoloni vipelekwe kwanza kwenye Makumbusho ya Kifalme ya Berlin, ambayo yangeyagawia makumbusho mengine vile yasivyovihitaji. Maofisa, madaktari wa jeshi, wamisionari na wafanyabiashara wakaanza kupakia makasha. Kule Berlin kila kitu kilipewa namba. Vya Afrika Mashariki vilianza na III E: tatu ya Kirumi kwa Afrika, E kwa upande wa mashariki. Ukiona mkuki, ngoma au kiti chenye namba hiyo, ujue kimepita mkono wa karani mmoja aliyekaa mezani na daftari lenye safu: namba, kitu, mahali, kabila, mkusanyaji, namna kilivyopatikana.

Safu hizo zinaonekana hazina ubaya. Tatizo linaanza unapouliza nani anaingia katika safu ipi. Katika safu ya mkusanyaji anaandikwa ofisa. Aliyekichonga kitu hana safu. Aliyekuwa akikitumia hana safu. Kitu kilichookotwa kwenye kibanda kilichochomwa moto kinaweza kusomeka kuwa ni zawadi, kwa kuwa ofisa aliyekileta aliyazawadia makumbusho. Iliyoandikwa ni zawadi ya mwisho, ya Mjerumani kwa Mjerumani, na unyang’anyi uliotangulia ukafutika bila mtu kusema uongo waziwazi. Pengine karani aliandika kweli tupu. Vimo katika madaftari ya Berlin vitu vya Vita vya Maji Maji vilivyoandikwa kuwa nyara za vita, na leo neno hilo kavu ni ushahidi mzuri kuliko maneno mengi ya adabu.

Tazama kilichotokea Tendaguru, mkoani Lindi, ambako kati ya 1909 na 1913 yalichimbwa mabaki ya mijusi wakubwa wa kale yanayoonyeshwa Berlin hadi leo. Vitabu viliwataja Werner Janensch na Edwin Hennig. Mamia ya wachimbaji na wapagazi waliobeba mifupa ile kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi walibaki kuwa wenyeji. Mmoja, Boheti bin Amrani, alikuwa msimamizi na fundi wa kuitoa mifupa katika mwamba. Mwaka 2007 mwanasayansi mmoja alipoitambua aina mpya ya mjusi katika mifupa hiyo, aliiita Australodocus bohetii. Karibu miaka mia baada ya kazi yake, Boheti akaingia katika orodha ya sayansi kwa jina lake. Inawezekana, kwa hiyo.

Safu nyingine yenye mateso ni ya mahali na kabila. Wajerumani waliandika kwa masikio yao na kwa tahajia yao. Mkwawa yumo katika maandishi yao kama Quawa. Kalenga ni Kuirenga. Wachagga ni Dschagga au Wadschagga, Ujiji ni Udschidschi, Uzaramo ni Usaramo, Wanyamwezi ni Wanyamwesi. Mtu wa Old Moshi akikaa leo mbele ya kompyuta akaandika Chagga katika sanduku la kutafutia la makumbusho fulani ya Ulaya, mashine inaweza kumjibu kwamba hakuna kitu, ilhali ghalani kuna makasha. Hakudanganywa na mtu; mashine inatafuta herufi tu. Wakutubi wana dawa ya jambo hili tangu zamani: wanaunda jina moja la msingi, na chini yake wanaorodhesha namna nyingine zote ambazo jina hilo limewahi kuandikwa, ili anayeandika lolote afike pamoja na wenzake. Kinachobishaniwa ni jina lipi liwe la msingi. Kwa miaka mingi lilikuwa lile la mgeni, na la mwenyeji, likiwapo, liliwekwa chini yake.

Hata jina la nchi linapotosha. Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa Tanzania Bara ya leo pamoja na Rwanda na Burundi, na katika kinywa cha mkusanyaji ingeweza kumeza na majirani. Jambo hili lilidhihirika pale Berlin waliposhika kazi waliyokuwa wakiiahirisha kwa miongo mingi. Mwanaanthropolojia Felix von Luschan alikuwa amekusanya maelfu ya mafuvu kutoka pande zote za dunia, akiwaandikia wasafiri na maofisa mwongozo wa namna ya kukusanya. Mafuvu hayo yalihamahama taasisi, yakawa chini ya hospitali ya Charité, na mwaka 2011 yakakabidhiwa kwa mfuko wa urithi wa utamaduni wa Prussia. Watafiti walichambua mafuvu 1,135 yaliyodhaniwa kuwa ya koloni hilo, na mwaka 2023 wakatangaza: 904 yalitoka katika eneo ambalo leo ni Rwanda, 202 Tanzania, 22 Kenya. Kenya, ambayo haikuwa koloni la Mjerumani! Machache yaliyobaki hayakuweza kujulikana.

Kati ya hayo kulikuwa na moja lililoandikwa neno: Akida.

Kila msomaji wa Kiswahili anajua kwamba akida ni cheo. Aliyeandika alikuwa na nafasi ndogo na haraka kubwa, au pengine hakujua jina la mtu yule, akaandika alichomsikia akiitwa. Lakini neno hilo moja lilitosha. Lilifungamana na Uchagga, na Old Moshi, ambako tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wenzake. Wazee wa Uchagga walijua ni nani aliyekuwa akida wa Mangi Meli, na ukoo wake unaishi. Wazao wakatoa mate yao kwa ajili ya kipimo cha vinasaba, na Septemba 2023 ikatangazwa kwamba vinasaba vya fuvu lile na vya mzao aliye hai vinalingana. Mafuvu mengine mawili pia yalipatiwa jamaa zao. Mangi Meli mwenyewe, ambaye kizazi chake kimetafuta kwa miaka mingi na kwa machozi, hakuwamo.

Soma tena habari hizo mbili pamoja. Bremen 1953: mtawala mkuu, mkataba wa kimataifa, gavana mzima, hakuna neno lililoandikwa, mwishowe ni rula na kubahatisha. Berlin 2023: mtu ambaye vitabu vya historia havimtaji, neno moja, na mzao wake akapatikana. Vinasaba vilithibitisha, lakini kilichoonyesha pa kuanzia, nani aulizwe na katika kijiji gani, kilikuwa maandishi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba mjadala wa maneno ya katalogi ni anasa ya wasomi wakati kazi ya kweli ni kurudisha vitu. Hakuna kinachorudi bila kwanza kujulikana ni cha nani.

Mjadala huo haukuanza jana, na moja ya mashina yake liko Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mkutubi Mmarekani, Sanford Berman, alikuwa akifanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka. Maktaba nyingi duniani hutumia orodha ya vichwa vya mada iliyotungwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, na Lusaka nao waliitumia. Humo vitabu kuhusu watu weusi wa kusini mwa Afrika viliwekwa chini ya kichwa cha mada kilichowaita makafiri. Neno hilo twalijua sisi, na twajua lilitoka wapi kabla ya Makaburu kuligeuza kuwa tusi. Berman alijifunza kwa Waafrika aliofanya kazi nao kwamba msomaji mweusi akitaka kusoma habari za watu wake mwenyewe alilazimika kwanza kulitumia tusi hilo. Mwaka 1971 alichapisha kitabu kilichopitia kichwa kimoja baada ya kingine, akionyesha kosa na kupendekeza badala yake. Mengi katika mapendekezo yake yalikuja kukubaliwa, polepole mno. Karibu wakati huohuo huko Kanada, Brian Deer, mkutubi wa Kimohawk, aliona kwamba kubadili neno hapa na pale hakutoshi, akaunda mpangilio mpya wa kuainisha vitabu kwa namna ambayo wenyeji wenyewe wanauona ulimwengu. Na mwaka 2018 makumbusho ya taifa ya tamaduni za dunia ya Uholanzi yalitoa mwongozo wa maneno kwa wafanyakazi wao, neno kwa neno, na sababu zake.

Jambo moja linawagawa hata watu wenye nia njema. Je, neno baya lifutwe? Katika madaftari ya Ujerumani, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, ni mchawi. Waliopigana upande wake ni waasi. Vita vilivyoanzia Nandete kwa watu kung’oa pamba iliyolimwa kwa shuruti, vita vilivyoua watu wasiopungua 75,000 kwa hesabu za Wajerumani wenyewe na hadi 300,000 kwa makadirio ya baadaye, vinaitwa uasi wa Maji Maji hata katika orodha za maktaba kubwa za leo. Mtu mwenye uchungu angependa kuchukua kifutio.

Mimi nasema lisifutwe, na nasema hivyo bila kusitasita. Neno la karani ni mali ya historia. Ukilifuta neno mchawi na kuweka kiongozi wa kiroho peke yake, umemsafisha karani. Umemwondolea ushahidi mjukuu atakayetaka kuonyesha jinsi babu yake alivyohukumiwa kabla ya kufikishwa kwenye kitanzi. Linalotakiwa ni neno lile lishushwe cheo. Liandikwe mahali pake, likiwa na tarehe na mwandishi wake: hivi ndivyo ofisi ya Mohoro ilivyoandika mwaka 1905. Juu yake, mahali pa jina la msingi, liwekwe jina ambalo watu wake wanalitumia. Ndivyo Songea walivyofanya zamani. Nenda kwenye Makumbusho ya Maji Maji pale mjini, karibu na makaburi ya mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Hakuna mtu anayewaita waasi.

Tena si kweli kwamba tunakosa pa kuyapata maneno hayo. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kusini kuhoji wazee waliokumbuka vita. Waliandika majina ya watu na mito, aina za dawa, nyimbo za kwenda vitani, nani alileta habari kutoka wapi. Hiyo ni hazina ya istilahi kwa mtu yeyote anayetaka kuandika upya kadi za Berlin. Nyaraka za utawala wa Kijerumani nazo ziko Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, na UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Kwa hiyo mkuki uko Ujerumani, barua ya ofisa aliyeuchukua inaweza kuwa Dar es Salaam, na sauti ya mzee aliyeujua iko katika daftari la mwanafunzi. Kinachoviweka mbalimbali ni majina tofauti ya kitu kilekile.

Makumbusho ya Berlin yana vitu vipatavyo 10,000 kutoka Tanzania. Katika miaka ya karibuni wataalamu wa Tanzania na Ujerumani wamekaa meza moja kuvisoma, na mwaka 2024 maonyesho yao ya pamoja yalifunguliwa katika Humboldt Forum. Nayapongeza kwa dhati. Lakini ukiitazama kazi ya aina hiyo utaona mpaka wake. Vitu kadhaa huchaguliwa, huandikiwa kwa uzuri, huwekewa maelezo kwa Kiswahili. Maelfu yanayobaki ghalani yanaendelea na lebo zilezile, kwa Kijerumani, kwa mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma.

Na kuna Songea. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umepewa jina lake, alinyongwa katika vita hivyo, na ndugu zake wanasema kichwa chake kilichukuliwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama mbele yao, akaomba radhi kwa niaba ya nchi yake, na akaahidi kwamba watajitahidi kumtafuta. Ahadi hiyo itatimizwaje? Mtu atalazimika kufungua madaftari na kutafuta Songea, Ssongea, Mbano, Nduna, Ngoni, Wangoni, Mafiti, na kila namna ambayo sikio la Mjerumani lingeweza kumsikia. Akikuta neno moja kama lile la Akida, njia itafunguka. Asipolikuta, tutarudi kwenye rula.

Kwa hiyo nina ombi kwa pande mbili. Kwa wenye makumbusho na maktaba: msingoje kila kadi irekebishwe ndipo muionyeshe. Pigeni picha kila ukurasa wa daftari la kupokelea vitu, pamoja na makosa yake na matusi yake, muiweke mahali ambapo mtu wa Kalenga, wa Old Moshi na wa Songea ataweza kuisoma kwa simu yake, mkiongeza tafsiri ya Kiswahili kadiri mnavyoweza. Kwa walio nyumbani: andikeni majina. Jina la babu, la ukoo, la kijiji kabla hakijahamishwa, jina la utani, jina alilopewa na askari, mkayaandika kwa namna zote mlizowahi kuyasikia. Wazee wanaoyajua wanazidi kupungua, na yule mtafiti wa Berlin hana mahali pengine pa kuyapata.

Daftari lililofungwa mwaka 1898 linaweza kufunguliwa leo. Halihitaji kifungu kingine cha mkataba wa kimataifa; linahitaji mashine ya kuskani na uamuzi wa mkurugenzi mmoja.